Jina lililofutwa kwenye daftari: kisa cha mama na mtoto wake mjini Busia

Kisa hiki kilitokea Busia, upande wa Uganda, katika mpango wa kanisa moja wa kuwasaidia wajawazito na wenye watoto wachanga. Kamati ya mpango huo iliniita mambo yalipokwisha kutulia, kwa sababu wajumbe walikuwa hawasikilizani juu ya wapi mambo yaliharibika, wakataka mtu wa nje asikie pande zote. Nimezungumza na mama mwenyewe, jirani yake, wajumbe wa kamati na mkunga mmoja. Majina nimeyaacha, na vijambo vichache ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha. Mama alikubali kisa chake kiandikwe. Sharti lake lilikuwa moja: nisimwandike kama mvivu.

Mpango wenyewe ni wa aina inayojulikana sana Uganda. Kanisa huandikisha wajawazito maskini wa mtaani bila kubagua dini. Kila Alhamisi alasiri hukaa nao, huwafundisha habari za kiliniki, kunyonyesha, usafi wa kitovu na uji wa lishe, kisha husoma Neno na kuomba. Mimba ikifika mwezi wa nane mama hupewa mfuko wa kujifungulia: plastiki ya kutandika, glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, beseni, leso mbili na shali ya mtoto. Akishajifungua hupata unga wa uji, maharage, sukari na sabuni kila mwezi mpaka mtoto atimize mwaka. Sehemu ya fedha hutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na nyingine ni sadaka za waumini, ambao wengi wao si watu wa kushiba kila siku.

Aliye mbali anaweza kuuliza mfuko huo ni wa nini, ilhali serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya tangu Machi 2001. Malipo yaliondolewa kweli. Lakini vifaa huisha, na mjamzito yeyote wa Uganda anajua kwamba siku ya uchungu haendi mikono mitupu. Ndiyo maana serikali yenyewe na mashirika hugawa kile kifurushi kinachoitwa Mama Kit, na ndiyo maana maduka ya dawa yaliyo karibu na vituo hukiuza. Asiye nacho huona aibu, na wapo wanaobaki nyumbani kwa ajili ya aibu hiyo mpaka maji yazidi unga.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mpango kuna sheria iliyozaa kisa hiki: mama akikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, jina lake linafutwa na nafasi yake anapewa anayesubiri. Sheria hiyo haikutungwa na watu wabaya. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Siku za nyuma walikuwepo waliotokea siku ya unga tu, wakiisha kupokea hawaonekani hadi mwezi unaofuata. Mfadhili naye hutaka karatasi ya mahudhurio. Mweka hazina aliniambia, na nilimwelewa, kwamba bila sheria ile mpango ungekuwa foleni ya unga.

Mama wa kisa hiki alikuwa na miaka 19 na mimba ya kwanza. Aliacha shule kidato cha pili, ada ilipokosekana, akaja mjini kwa rafiki yake wakapanga pamoja muzigo, chumba kimoja katika mstari wa vyumba vinavyotazamana na choo kimoja. Umri wake si jambo la kushangaza: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta karibu msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 ameshazaa au ana mimba. Baba wa mtoto alikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la mizigo, Mkenya, au ndivyo alivyojitambulisha. Mimba ilipofika mwezi wa nne simu yake haikupatikana tena.

Kazi ya huyu binti ilikuwa kuchambua mahindi na maharage katika stoo za nafaka karibu na mpaka. Busia ni mji wa malori. Nafaka ya mashariki ya Uganda hupita hapo kwenda Kenya, na kabla ya kuvuka hupepetwa, huchambuliwa na kufungwa upya. Mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la vyeti, kwa hiyo punje iliyooza si jambo la kufumbia macho pale. Wachambuaji wengi ni wanawake, hukaa chini juu ya turubai tangu asubuhi, na hulipwa kwa gunia. Katika stoo aliyofanyia yeye malori yalipakiwa Ijumaa alfajiri. Alhamisi, basi, ndiyo ilikuwa siku ya magunia mengi kuliko zote, na jioni yake ndiyo ya kulipwa.

Hapo msomaji ameshaona fundo lilipo. Kamati haikuliona, kwa sababu hakuna aliyemuuliza binti huyu Alhamisi zake zinakwendaje. Fomu ya kujiandikisha iliuliza jina, umri, kijiji, dini, jina la mume, idadi ya watoto na mwezi wa mimba. Kuhusu kazi kulikuwa na mstari mmoja, na kwenye mstari huo mwandikishaji aliandika "hana".

Mwanzoni alihudhuria vizuri. Aliomba ruhusa stoo, akapoteza magunia yake, akaja. Halafu kodi ikapanda na rafiki yake akahama kumfuata mwanamume Tororo, chumba kikawa cha kulipiwa na mtu mmoja. Kikao cha kwanza alichokosa alikuwa juu ya turubai. Cha pili alikuwa kwenye foleni ya kiliniki, ambako mpango wenyewe ulikuwa umemhimiza aende. Alifika saa mbili asubuhi akatoka saa tisa, miguu imevimba, akaenda kulala. Cha tatu alikuwa anahamisha godoro na sufuria zake, maana mwenye nyumba alikuwa ameshafunga mlango kwa kufuli lake. Taarifa hakutoa, kwa kuwa simu aliyotumia ilikuwa ya yule rafiki, na laini ilisajiliwa kwa jina la rafiki. Yeye hakuwa na kitambulisho cha taifa.

Alipokuja wiki iliyofuata, alikuta jina lake limepigwa mstari. Aliyekuwa na daftari alimwambia kwa upole kwamba nafasi imeshajazwa, ila anaweza kukaa asikilize mafundisho. Alikaa, akasikiliza, akaondoka. Nilipomuuliza kwa nini hakujitetea alinijibu, "Ningesema nini, mama? Niliona wameandika."

Kuna na jambo jingine ambalo hakulitaja mpaka tulipozoeana. Moja ya Alhamisi alizohudhuria, somo lilikuwa la ndoa takatifu na mke mwema. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Lakini alitoka na hisia kwamba pale ni mahali pa wanawake wenye bwana, na mwingine yeyote amekaribishwa kwa huruma. Sishangai. Msaada wa makanisa kwa wazazi nchini Uganda umetembea na maswali ya mwenendo tangu mwanzo wake. Katharine Cook, mke wa daktari Albert Cook aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alipoanza kufundisha wakunga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanafunzi wake walitafutwa miongoni mwa wasichana wa shule za misheni, na mafunzo ya uzazi yalikwenda sambamba na mahubiri juu ya maisha ya ndoa. Kazi yao iliokoa watu wengi mno, na sisemi hivi ili kuibeza. Ila harufu ya mtihani wa tabia haijaisha katika vikao vyetu, na anayeisikia kwanza ni yule ambaye hana mume wa kuandikwa kwenye fomu.

Uchungu ulikuja usiku, mimba ikiwa na wiki 35 hivi. Chumba alichohamia kilikuwa katika ua ambao jirani yake wa mlango wa pili ni mama wa Kiislamu mwenye umri wa kumzaa, anayekaanga chapati na kuuza chai stendi. Huyo ndiye aliyesikia kilio. Aligonga kwa kijana wa boda wa ua wa nyuma, akabembeleza, wakakubaliana shilingi 10,000, akampakia binti katikati na yeye akapanda nyuma. Fedha hiyo ilikuwa ya unga wa chapati za kesho yake. Kituoni mkunga wa zamu hakuwaacha wahangaike. Glavu na plastiki alizitoa kwenye droo anamowekea vitu vilivyosazwa na wazazi wengine, desturi ambayo nimeiona kwa wakunga kadhaa na ambayo haiandikwi popote. Mtoto wa kike alizaliwa mzima, kilo 1.9.

Chini ya kilo 2.5 mtoto huhesabiwa mwenye uzito pungufu, na chini ya kilo 2 hatakiwi kuharakishwa kwenda nyumbani. Mkunga alimfundisha mama kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia wanayoiita kangaruu, na kumnyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu hata akiwa amelala. Alimwambia akae mpaka mtoto aanze kuongezeka. Siku ya tatu asubuhi kitanda kilikuwa kitupu.

Wajumbe wawili wa kamati walipofika hapa katika masimulizi walitikisa kichwa, kama wanaosema: mnaona. Mimi nawauliza wanaoijua wodi ya wazazi ya Uganda: mgonjwa asiye na mtu wa kumuuguza anakaaje? Hospitali zetu nyingi hazipiki. Mtu wako ndiye anayekuletea uji, anayefua nguo zenye damu, anayekwenda kununua dawa iliyoandikwa kwenye kikaratasi, anayemshika mtoto ukienda kuoga, anayelala chini ya kitanda chako. Jirani alikuja siku ya kwanza na ya pili na chupa ya chai na chapati, kisha biashara ikamlazimisha kurudi stendi. Siku ya tatu binti hakuwa amekula tangu jana yake. Alimfunga mtoto kifuani kama alivyofundishwa, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Na kwa mama anayekula mara moja kwa siku, kumnyonyesha mtoto mdogo kila saa mbili ni maneno matamu tu. Mtoto mwenyewe alichoka kunyonya kabla ya kushiba, akawa analala. Mwanamke mmoja wa uani akashauri maji ya glukosi, akapewa.

Jumapili ya pili baada ya kujifungua, yule jirani alifunga stendi mapema akaenda kanisani. Hakuingia. Alisimama nje karibu na bomba mpaka ibada ikaisha, akamfuata mke wa mchungaji.

"Habari ya ibada, Mama Mchungaji."

"Nzuri, mama. Karibu sana."

"Nimekuja kwa ajili ya binti yenu, yule wa stoo. Mtoto analala tu, halii. Mtoto asiyelia mimi namwogopa."

Mama Mchungaji alikwenda naye palepale, bado na nguo za kanisani. Alichokikuta alinieleza kwa maneno machache: miguu ya mtoto baridi, ngozi imelegea, mdomo unagusa titi na kuliachia. Alimwambia binti, "Mwanangu, tunaondoka sasa hivi," na binti akajibu kwamba jina lake lilishafutwa. Katika kisa chote hiki sentensi hiyo ndiyo iliyonikaa. Mtoto anapoa mikononi mwake, na yeye anaona wajibu wa kumkumbusha mgeni kuwa hana haki ya kusaidiwa.

Walikwenda hospitali ya misheni. Mtoto alikuwa na kilo 1.7, wakati kwa siku zake alitakiwa awe ameurudia uzito wa kuzaliwa. Alilazwa akapashwa joto, akapewa dawa za sindano kwa kushukiwa maambukizi, na kulishwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo. Mama naye alilishwa. Wanawake wa kanisa walipokezana kumuuguza, mmoja mchana, mwingine usiku, na jirani wa chapati akaingizwa kwenye zamu kwa kudai mwenyewe. Siku ya kumi na mbili waliruhusiwa mtoto akiwa karibu kilo 2.1.

Ankara ilikaribia shilingi 400,000. Hospitali za misheni Uganda hupata ruzuku kidogo ya serikali lakini huishi kwa ada za wagonjwa, kwa hiyo mtu hatoki bila kulipa au kuandikiana. Kanisa lilipitisha kikapu, likalipa sehemu kubwa, iliyobaki ikalipwa kidogokidogo. Mfuko mmoja wa kujifungulia huligharimu kanisa hilohilo kama shilingi 60,000, na boda ya usiku 10,000. Mweka hazina ndiye aliyefanya hesabu hiyo mbele ya kamati, tena bila kuulizwa, na ndipo mabishano yalipoanza kweli.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, alisema: "Tukimrudisha huyu kwenye daftari, wale waliokuja mvua na jua tutawaambia nini?" Mjumbe mwingine akadai binti alionekana sokoni Alhamisi moja, kumbe alikuwa mzima, ni uvivu tu. Binti alikuwepo sokoni kweli. Alikuwa amebeba kichwani ratili za maharage ya tajiri wa stoo.

Hoja ya mzee haikuwa ya kipuuzi, na nilimwambia hivyo. Inauma kumwona aliyeshika masharti na asiyeyashika wakipokea sawa. Lakini tuangalie wanaoweza kushika sharti la Alhamisi alasiri. Nilipopitia daftari pamoja na katibu, waliohudhuria bila kukosa wengi wao walikuwa na mtu anayeleta chochote nyumbani: mume wa boda, mama mzazi mwenye kibanda, kaka askari wa kampuni ya ulinzi. Ni maskini, hakuna ubishi, na msaada wanaustahili. Waliokatika-katika walikuwa wachambuaji wa nafaka, wafua nguo, wabeba mizigo ya njia za panya, wahudumu wa baa. Sheria iliyotungwa kupima nia ilikuwa inapima nafasi, na nafasi ni kitu ambacho maskini wa mwisho hana. Mpango ulikuwa unawachuja walengwa wake wenyewe, polepole, kwa kalamu nyekundu, kila mwezi ukiona watu wazito wamebaki na wepesi wameondoka.

Pia kuna tabia ya makanisa yetu ambayo ningependa isemwe wazi. Tumezoea kuhesabu walio ndani. Mchungaji anajua benchi lipi lina pengo, lakini pengo hilo kwake ni habari ya imani: fulani amepoa, fulani amerudi nyuma. Katika mpango wa mama na mtoto, pengo ni habari ya afya. Mjamzito wa miezi saba aliyekuwa anakuja na sasa haji, jambo la kwanza la kudhani ni kwamba kuna kitu kimempata. Kufuta jina lake ni kuizima taa ya hatari kwa sababu inasumbua macho.

Wanaochambua vifo vya uzazi hutumia sana mpangilio wa Sereen Thaddeus na Deborah Maine wa 1994, unaogawa ucheleweshaji mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Nilijaribu kukilaza kisa hiki juu ya mpangilio huo mbele ya kamati, na kikakataa kulala vizuri. Uamuzi haukuchelewa, shukrani kwa jirani. Kufika hakukuchelewa, shukrani kwa fedha ya chapati. Kuhudumiwa hakukuchelewa, shukrani kwa droo ya mkunga. Hatari yote ilikuja baadaye, kati ya siku ya tatu na ile Jumapili ya pili, wakati hakuna aliyekuwa anatazama.

Takwimu za nchi zinaelekea upande huohuo. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 189 katika ule wa 2022, mteremko mkubwa. Vifo vya watoto wasiotimiza mwezi vilitoka 27 hadi 22 kwa kila 1,000, mteremko wa kusuasua. Mama anavuka mto, mtoto anabaki ukingoni. Mpango wa kanisa hili ulijengwa kwa ajili ya siku ya kujifungua: mfuko, wembe, plastiki. Unga wa mwezi ulikuwa unangoja mama aje kuuchukua, na mama wa mtoto wa kilo mbili ndiye asiyeweza kuja.

Nilipoulizwa nini kingelisaidia, niliwaelekeza kusini-magharibi, Kisiizi katika wilaya ya Rukungiri, ambako hospitali ya Kanisa la Uganda ilianzisha bima ya afya ya jamii mwaka 1996. Haikuanza kwa kuunda vikundi vipya. Ilijengwa juu ya engozi, vyama vya wanakijiji vya kubebana kwa machela: mtu akiugua au kufa mlimani, wanachama hufika na kumbeba. Walikuwa wameshaaminiana kwa jambo moja gumu, hospitali ikaongeza bima juu yake. Busia haina milima ya Rukungiri, wala siombi mtu ainakili bima ya Kisiizi. Lakini swali la engozi ndilo la kwetu pia: nani tayari anambeba mwenzake hapa? Katika kisa hiki jibu lilikuwa mkaanga chapati ambaye hayumo katika orodha yoyote ya kanisa.

Kamati ilibadilisha mambo, si yote niliyopendekeza. Sheria ya kufuta majina haikuondolewa, iliahirishwa. Sasa mama akikosa mara mbili anatembelewa, na jina halifutwi kabla ya ripoti ya aliyemtembelea. Mzee wa kanisa ndiye aliyesisitiza neno "ripoti", kwa kuwa anaamini bila karatasi hakuna atakayetembea, na huenda ana haki. Mfuko wa kujifungulia unatolewa mimba ikifika miezi sita, maana watoto hawasubiri mwezi wa nane. Mama Mchungaji na wenzake wawili wanakwenda kwenye stoo siku ya Jumatano saa ya chakula, wanakaa juu ya turubai, wanafundisha kwa nusu saa huku mikono ya wasikilizaji inaendelea kuchambua. Tajiri wa stoo alikuwa na wasiwasi, kisha akaona hapotezi kitu. Somo la ndoa halijafika huko, na sijasikia aliyelikosa.

Zamu ya kuuguza hospitalini ndiyo iliyopokelewa kwa moyo kuliko yote. Wanawake wale wana fedha chache sana za kutoa, lakini kupika uji na kufua wanajua, na wanajua wodi. Nadhani ni mchango mkubwa kuliko mfuko, ingawa hauwezi kupigwa picha vizuri kwa ajili ya mfadhili.

Lililobaki bila kupona ni upande wa baba. Sheria ya Watoto ya Uganda inampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto, na mama anaweza kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na hatimaye mahakama ya familia na watoto. Njia hiyo inafanya kazi pale baba ana jina la uhakika na mahali pa kumkuta. Huyu ana namba ya simu iliyokufa, na anaishi barabarani kati ya Mombasa na Kampala. Afisa aliandika maelezo, akawa mkweli kwamba hawezi kumkamata mtu asiyejulikana ng'ambo ya mpaka. Kitambulisho cha taifa mama ameshaomba kwa msaada wa katibu. Bila hicho hana laini yake, hana akaunti ya pesa za simu, na hawezi kuugusa mkopo wa Mpango wa Maendeleo ya Parokia (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa) ulioanzishwa na serikali mwaka 2022, ule wa shilingi milioni moja kwa kaya. Na hata akikipata, lazima awe mwanachama wa kikundi katika parokia anakoishi, wakati yeye ameshahama chumba tena.

Mtoto amepata sindano ya surua ya miezi tisa na anakaa mwenyewe. Mama amerudi stoo. Jirani hukaa na mtoto asubuhi, mama humlipa kwa kumkandia unga usiku.

Ugomvi wa sasa kwenye kamati ni wa boda. Walitenga fedha kwa ajili ya safari za usiku na kukubaliana na vijana wawili wa stendi, namba zao zikabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Fedha iliisha kabla ya robo ya mwaka kuisha, kwa sababu waliopiga simu wengi wao hawakuwa wameandikishwa. Vijana wa boda hawaulizi daftari, wanapakia. Mweka hazina amelipa hadi sasa kwa kukopa kwenye sadaka ya ujenzi, na mzee wa kanisa anataka ijulikane sadaka hiyo itarudishwa lini. Katibu amependekeza namba zitolewe mlangoni zibaki kwa walioandikishwa tu. Mama Mchungaji amekataa. Kikao kijacho ni Jumamosi, na nimeambiwa yule jirani wa chapati amealikwa, ingawa bado haijaamuliwa kama atapiga kura.